Asubuhi Mbili Sokoke

Bosi wangu alinipa Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi akaniongezea shingo upande. Ukiongeza Jumapili, ambayo duka halifunguliwi, nikawa na siku nne za kutoka Tanga, kuvuka Horohoro, kufika msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, kuangalia ndege, na kurudi kwenye vitabu vya hesabu Jumatatu saa 2 asubuhi. Wenzangu pale Barabara ya 20 walicheka. "Uende Kenya kuangalia ndege? Si usimame uwanjani hapa hapa Tanga, zinatua bure." Utani huo nimeuzoea. Anayependa ndege wa manyoya hana budi kuuzoea.

Mama yangu wa Ngamiani hakucheka. Aliposikia kwamba mmoja wa ndege ninaowafuata ni bundi, aliweka kikombe chini. "Watu wakisikia bundi juu ya paa wanasoma dua. Wewe unavuka mpaka kumtafuta?"

Orodha yangu ya kwanza ilikuwa ya mlafi. Niliingia eBird, ule mtandao ambao watu huandika ndege waliowaona, usiku mmoja, nikatazama ndege walioonekana pwani ya Kenya mwezi Oktoba, nikajikuta na majina zaidi ya arobaini na vituo sita: Shimba Hills, Sokoke, hori ya Mida, mdomo wa mto Sabaki, Tsavo Mashariki na vilima vya Taita. Rafiki yangu Kombo, ambaye ndiye mwenye darubini nzuri kuliko yangu, akaongeza Lamu. Nilimuuliza Lamu tutakwenda na ungo?

Basi nikachukua karatasi nikachora kila siku vipande vitatu: alfajiri, mchana, magharibi. Jumla kumi na viwili. Alhamisi yote ni barabara, Jumapili yote ni barabara, vimebaki sita. Na ndege wa msituni ukimkosa kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, jua likishakaza, unabaki unapiga picha vipepeo. Nilichokuwa nacho hasa ni asubuhi mbili. Nilipoyaona hayo kwenye karatasi, Tsavo na Taita zilijifuta zenyewe.

Kisha nikafuta ndege. Kila ninayeweza kumpata Amani, msitu wetu wa Usambara Mashariki, siku yoyote ya mapumziko, nje. Shorobo wa Fischer, nje. Chozi wa Amani, ambaye wageni wanasafiri mbali kumtafuta Sokoke, ana jina la Amani yetu wenyewe, nje. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sisi wa Tanga tuna bahati isiyosemwa: misitu ya Usambara Mashariki inashiriki ndege wengi na Sokoke, kwa hiyo nusu ya orodha ya mgeni wa Ulaya kwangu ni majirani.

Wakabaki watatu. Wa kwanza kwera wa Clarke, Ploceus golandi, ambaye duniani kote hayuko popote ila kaunti ya Kilifi: Sokoke na misitu ya Dakatcha, kaskazini ya Sabaki. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1913, na viota vyake havikupatikana hadi 2013, huko Dakatcha, kwenye mabwawa yanayojaa mvua ikinyesha. Miaka mia moja watu wanamwona hawajui anazaa wapi! Wa pili, bundi wa Sokoke. Huyu yumo hata kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki, lakini nimekwenda mara mbili kumtafuta nikarudi na kupe tu. Wa tatu nilimtaka kwa wingi wake, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kupasulia kaa, Dromas ardeola. Mimi namwita mla kaa. Huzaa pwani za Arabuni, hutoboa shimo mchangani na kutaga yai moja, kisha huteremka kwetu. Huku Tanga nimewahi kuona wawili, watatu. Mida husimama makundi.

Sasa huyo mla kaa ndiye aliyenipeleka Sahare, pwani ya Tanga, kwa Mzee Bakari, mjuzi wa maji kujaa na kupwa. Ndege wa ufukweni hawafuati saa ya ukutani. Maji yakiwa yamekupwa wanatawanyika kwenye tope, mbali, unawaona kama punje za mchele. Maji yakianza kujaa yanawasukuma kidogo kidogo mpaka wanakujia wenyewe miguuni. Unachotakiwa ni kuwa pale saa hizo tu.

Nikampigia shikamoo, nikamweleza. Akaniuliza, "Ruhusa yako ni lini?"

"Ishirini na sita Septemba, mzee."

Akahesabu kwa vidole. "Hayo maji mafu, mwanangu, yasiyopanda wala kushuka sana. Maji mafu yatakujazia asubuhi, saa ile ile unayotaka kuwa msituni. Ngoja bamvua, maji makubwa. Bamvua maji yanajaa saa kumi, yanakupwa saa nne. Asubuhi kaa na msitu wako, adhuhuri nenda pwani, maji yatakuwa yanapanda." Halafu akasema jambo ambalo sikulifikiria: bamvua ya mwezi mwandamo ina usiku wa giza, nami nikadhani giza hilo litanifaa kwa bundi.

Nilirudi kwa bosi kuomba wiki moja mbele. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuvuka mpaka. Alidhani nimeghairi, na nilipomwambia sababu ni maji kujaa na kupwa alinitazama kwa muda mrefu, lakini akakubali. Tukapata tarehe 3 mpaka 6 Oktoba 2024, Mfunguo Saba ukikaribia kuandama, kusi imeshalegea na vuli haijaanza. Mwezi huo wageni kutoka kaskazini ya dunia, vitwitwi wa Siberia na wenzao, wameshafika pwani yetu.

Karatasi za gari nitazisema haraka, maana ndizo zilizonila muda. Gari ni Rav4 ya shemeji. Nilibeba kadi halisi ya gari, barua yake ya kuniruhusu kulitoa nje ya nchi, pasi zetu za kusafiria, vyeti vya homa ya manjano, na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ile ya gari linalovuka mpaka. Wakala aliyenikatia bima hiyo, ambaye simtaji, alikosea tarakimu moja ya namba ya gari. Nami sikuisoma. Tuliondoka Tanga saa 11 alfajiri, kabla ya saa 1 tuko Horohoro, na pale ndipo afisa alipolinganisha kadi ya bima na kibao cha gari akanirudishia bila neno. Simu, picha, kusubiri wakala aamke, kusubiri kadi mpya itumwe: muda wa saa moja na nusu. Kombo alitumia muda huo kuhesabu kunguru. Kwa hiyo usisome jina lako tu kwenye hiyo kadi, soma kila tarakimu ukiwa bado dukani kwa wakala.

Afisa wa pili alituuliza tunakwenda kufanya nini. "Kuangalia ndege." Akaitazama darubini. "Uwanja wa Moi?" Tukamfungulia kitabu cha picha, akafunua kurasa mpaka akamkuta kipanga, akasema huyo amemwibia vifaranga vya kuku nyumbani kwao. Akatupitisha.

Kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, mpaka Likoni ni lami na minazi, kama kilomita mia moja. Shimba Hills tuliisalimu kwa mbali upande wa kushoto, Kombo akanuna kidogo. Foleni ya kivuko Likoni, foleni ya Mtwapa ambako barabara ilikuwa ikipanuliwa, wali wa nazi Kilifi saa 8 mchana, Gede saa 10 jioni. Nilikuwa nimeiandika Alhamisi yote kama barabara, kwa hiyo ile saa na nusu ya mpakani haikula kitu cha maana. Ningepanga hata kipande kimoja cha kuangalia ndege siku hiyo, ningelia.

Mwongoza ndege wetu, Kazungu, Mgiriama wa pale pale, nilimpata kwa simu wiki tatu kabla. Nilimwambia wazi: tuna asubuhi mbili, ndege wawili wa msituni, wengine ni zawadi. Alifurahi. Alisema wageni wengi humletea orodha ya sitini halafu hukasirika saa 5. Tulimtumia kiingilio kwa simu akatulipia, na jioni ile tukakaa naye kwenye mahamri na mbaazi, ingawa kwao ni chakula cha asubuhi, tukapanga upya. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba bundi hatafutwi usiku kama nilivyodhani. Usiku utamsikia, mlio kama mtu anayegonga bomba taratibu, lakini kumwona ni kazi. Unamtafuta mchana akiwa amelala, na kazi hiyo angeifanya yeye peke yake wakati sisi tuko Mida. Giza la Mzee Bakari halikuhitajika tena, lakini maji yake yalihitajika.

Ijumaa alfajiri tulikuwa kwenye mirihi, ile miti ya Brachystegia. Sokoke ina kama kilomita za mraba 420, ndio msitu mkubwa wa pwani wa aina yake uliobaki Afrika Mashariki, lakini si msitu mmoja. Kuna sehemu ya miti mchanganyiko, kuna mirihi iliyosimama kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, kuna kichaka kizito cha miti ya Cynometra kwenye udongo mwekundu. Kwera wa Clarke ni wa mirihi, juu kabisa, na hakai mahali. Hupita kundi zima na makundi ya ndege wengine, leo hapa, kesho kilomita tano. Tulitembea saa nne shingo zikiwa zimepinda. Tuliona sange wa kiuno cha dhahabu akikimbia kwenye majani makavu, mnyama ambaye watu wanavuka bahari kumwona, nami nikamtazama kwa jicho moja kwa hofu ya kupitwa na kwera. Kwera hakuja.

Kombo akasema sasa tukimbilie Sabaki, tusipoteze siku. Hapa ndipo tulipogombana kweli. Nilimwambia Sabaki ni mbele ya Malindi, tukienda tunaikosa Mida, na tukikosa Mida nimemsumbua bosi bure. Akaniambia mimi ni mtumwa wa karatasi. Pengine. Tuliswali Ijumaa Gede, yeye safu ya mbele mimi ya nyuma, na saa 8 tukawa Mida, tumekaa ukingoni chini ya mikoko.

Maji ndani ya hori yalichelewa kidogo kuliko alivyosema Mzee Bakari, lakini yalikuja. Kwanza huoni kitu, tope tu na kaa wakipunga mkono mmoja. Halafu vijito vinajaa, tope linakatika visiwa, na visiwa vinapungua. Sululu walikuja wa kwanza, midomo imepinda kama mundu. Kisha vitwitwi, wa kila namna, wengine mdomo umepinda kwenda juu kana kwamba umewekwa kinyume. Kombo alikuwa ameshaacha kununa, anahesabu kwa sauti ya chini. Wala kaa walikuja mwisho, kundi refu jeupe, wakatua mita sitini mbele yetu, wamesimama wote wameelekea upepo. Tulihesabu 214, Kombo anasema 219. Kila maji yalipopanda walisogea hatua moja, wote pamoja, kuja kwetu. Kuna mmoja alikuwa na kaa mkubwa asiyeweza kummeza, akimgonga, anamwangusha, anamwokota, na mtoto wake wa rangi ya kijivu nyuma yake analia kama paka. Hatukusema neno karibu saa nzima.

Jumamosi asubuhi ya pili, mirihi ile ile, ila Kazungu alituingiza kwa njia nyingine na akakataa tutembee. Tukae. Saa 1 na nusu alisikia kundi kabla yetu. Wakapita juu, vichwa vyeusi, matumbo ya manjano, wanabinuka kwenye vitawi, wanachokonoa kuvu za magome. Kama dakika moja. Nilimwona dume mmoja vizuri kwa sekunde labda kumi, kisha shingo yangu ikakatalia juu. Kombo hakumpata kwenye darubini, aliona manjano tu yanayoondoka, akasema anahesabu nusu.

Bundi alikuwa rahisi mno baada ya hapo, karibu nione haya. Kazungu alituongoza mchana kwenye kichaka cha udongo mwekundu, tukainama, tukatambaa, akanyoosha kidole. Niliona jani kavu. Jani likafumbua jicho moja, manjano, likatufumbia tena. Alikuwa mdogo, urefu wa kiganja na vidole vyake, rangi ya kutu. Tulikaa dakika tatu tukarudi nyuma kimya, maana Kazungu hataki mahali pake pa kulala pajulikane na kila mtu, ndiyo maana nami sisemi ni wapi.

Sabaki hatukwenda. Kombo ananikumbusha mpaka leo, na anataka Aprili, wanapokuwa wale ndege wa Madagaska. Nimeshamwomba Mzee Bakari anihesabie maji.

Jumapili jioni nilifika Ngamiani na vumbi jekundu mpaka magotini. Mama alikuwa barazani. "Mlimwona?"

"Tulimwona, mama."

Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji, akaiweka kizingitini, akaniambia viatu vile vibaki nje.