Kupima Mto Luengera, wiki ya saba: nguzo imeanguka

Jumatatu nimekuta nguzo yangu ya mti, ile ya kupimia kina cha mto, imelala. Gogo lililoteremka na maji usiku limeigonga, na sasa sijui sifuri ilikuwa wapi. Vipimo vya wiki sita haviungani tena na vitakavyofuata. Imeniuma mno.

Safari hii alama nimezipaka kwa rangi ya mafuta kwenye nguzo ya zege ya kivuko. Kisha nikachukua mpira mwembamba wa maji, ule wa mafundi ujenzi, nikahamisha usawa wa alama ya mita mbili hadi kwenye jiwe kubwa la ukingoni na kuchonga msalaba. Kivuko kikisombwa, jiwe lipo.

Kipimo cha mvua ni kilekile: chupa ya lita moja na nusu, shingo imekatwa na kupinduliwa iwe faneli. Kitako kina mabonde, kwa hiyo nilimimina saruji mpaka ubavu unaponyooka, na rula inaanzia hapo. Nasoma saa 3 asubuhi kila siku.

Alhamisi hapa Korogwe halikudondoka hata tone. Jioni shangazi, ambaye naye ana chupa ya kupimia mvua, akapiga simu kutoka Bungu, kule juu milimani Usambara: "Mwanangu, huku inanyesha tangu adhuhuri, chupa imefika milimita 62." Nikamwambia mama jirani apandishe pampu yake ya kumwagilia. Alfajiri mto ukaanza kuvimba, na saa 3 ulikuwa umepanda sentimita 85. Pampu ingekuwa ndani ya maji.

Luengera inakusanya maji ya Usambara Magharibi na Mashariki kabla ya kuingia Pangani, kwa hiyo kutazama mawingu ya Korogwe hakusaidii kitu. Hii ni mara ya tatu simu ya mlimani kuutangulia mto, lakini mara tatu hazijatosha kuweka kanuni. Mlima uliokwisha kulowa huachia maji mengi kuliko mkavu hata kwa mvua ileile, hivyo nimeongeza safu daftarini: jumla ya mvua ya siku 5 zilizotangulia.

Kwa ukame nahitaji subira zaidi. Najumlisha mvua ya Machi hadi Mei, halafu Oktoba hadi Desemba, na kuandika kina cha chini kabisa cha kila mwezi. Maji haya yakishaingia Pangani ndiyo yanayokwenda kusaidia kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale.

Chupa nyingine iko tayari, saruji imekauka. Natafuta mtu wa kuisoma upande wa Usambara Mashariki.