Siku moja maishani mwangu: mwezi, maji na nywele katika filamu ya Kisiwa chenye Hazina, Lamu

Adhana ya alfajiri ilikuwa haijatoka nilipofika gatini, tochi mkononi na daftari kwapani, kuyatazama maji. Ilikuwa saa 10:35, na bahari ilikuwa imefika karibu na ngazi ya juu kabisa, imetulia, inang'aa chini ya mwezi uliopevuka usiku wa jana yake. Niliandika saa, nikaandika ngazi ngapi zilizobaki kavu, kisha nikarudi nyumbani kuswali na kunywa chai ya tangawizi.

Mimi ni msimamizi wa mwendelezo katika filamu ya Kiswahili inayotokana na Treasure Island, hadithi ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1883, na ambayo marehemu baba yangu aliisoma shuleni kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, katika tafsiri ya mwaka 1929. Kwa kuwa filamu haipigwi kwa mpango wa hadithi, bali kwa mpango wa mahali, hali ya hewa na fedha, mtu anaweza kuingia mlangoni Jumanne na kutokea upande wa pili wa mlango huo baada ya wiki tatu. Lazima awepo mwenzake wa kukumbuka kwamba alipoingia alikuwa amefungua kifungo cha juu na kwamba kamba aliyobeba ilikuwa begani kushoto. Mtu huyo ni mimi. Wenzangu wa miji mingine nasikia huhangaika na nguo na vikombe. Hapa Lamu tunahangaika navyo pia, lakini kinachonikosesha usingizi ni bahari, ambayo huhama hata mwongozaji akipaaza sauti kiasi gani.

Saa 12:10 asubuhi boti ilituteremsha katika kijiji cha Shela. Vyombo vya kamera vilikuwa vimetangulia kwa punda, na nahodha wa jahazi letu alikuwa amekwisha kutia nanga mbele ya ufuo.

"Sabalkheri, Ami," nilimwamkia.

"Sabalkheri, mwanangu. Yeo mai ni makuu. Ifikapo saa nne na nusu mtakuwa mwapiga picha ya mtanga mtupu."

Hakuwa ametazama jedwali lolote. Yeye huhesabu siku za mwezi: mwezi ukipevuka au ukiandama huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Jedwali langu lilisema maji yatakupwa kabisa saa 4:40 na kujaa tena saa 10:55 jioni. Tangu tuanze kazi, hesabu yake na ya jedwali hazijapishana kwa zaidi ya robo saa, na siku zilipopishana, mimi nilimwamini yeye.

Kazi ya asubuhi ilikuwa kutua kwa mabaharia kisiwani. Katika bamvua kimo cha bahari hapa hushuka karibu mita 3, na kwenye ufuo ulio tambarare kiasi hiki mteremko huo huwa ni safari ndefu ya mchanga. Ukipiga picha ya mtu akiruka kutoka mashuani saa 12:45, kisha ukapiga uso wake saa 2:30 kwa kuelekea baharini, mtazamaji atamwona amerukia majini akatua jangwani. Kwa hiyo mwongozaji na mimi tulipanga mapema kwamba shoti zote pana zinazoonyesha bahari zipigwe kwanza, mfululizo, na zile za karibu zigeuziwe vilima vya mchanga, ambavyo havina habari ya kupwa wala kujaa. Nilichomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu pale mawimbi yalipoishia katika kila shoti. Mwisho wa asubuhi vilikuwa kumi na kimoja, vimejipanga kuelekea baharini kama watoto wa chuoni.

Shida ya pili ilikuwa nyayo. Kisiwa cha hadithi hakina wenyeji isipokuwa baharia mmoja aliyetelekezwa kwa miaka mitatu, na Shela ina wenyeji, wageni, na punda wasiojua kwamba mahali hapa leo ni nyika. Vijana wawili walishinda wakifagia mchanga kwa makuti, wakirudi kinyumenyume ili nao wasiache nyayo zao. Kinyesi cha punda kiliondolewa kwa sepetu. Msikiti wa Ijumaa wa Shela umesimama tangu mwaka 1829, na mpigapicha alilazimika kuusogeza mguu wa kamera hatua nne ili mnara wake usichungulie nyuma ya maharamia.

Saa 1:15 alifika mwigizaji wetu mdogo, kijana wa miaka kumi na miwili anayeigiza mhusika ambaye Stevenson alimwita Jim Hawkins, akiwa ameshikwa mkono na bibi yake. Alivua kofia kuniamkia, na mimi nikahisi tumbo likinikata. Kichwa kilikuwa kimenyolewa.

"Shikamoo, Bibi," nilisema, kwa kuwa sikuwa na neno jingine.

"Marahaba, Mwalimu. Usiku tulikuwa na harusi ya binamu yake," alisema bibi kwa utulivu kabisa. "Harusini haendi mtu na kichaka kitwani."

Mtu asiyefanya kazi hii huenda akaona ni jambo dogo. Wiki iliyopita tulikuwa tumempiga picha kijana huyu, nywele zake tele, akitumbukia katika tangi la maji juu ya sitaha ya jahazi, na jioni ya siku hii tulipangiwa kumpiga picha akiwa ndani ya tangi hilo. Ni tukio kubwa kuliko yote. Katika kitabu mtoto huingia ndani ya pipa la matufaha kutafuta tunda lililobaki, na akiwa humo anamsikia mpishi wa merikebu akipanga uasi. Sisi tuliona pipa la matufaha katika jahazi la Lamu ni jambo la kuchekesha, tukalibadilisha kuwa tangi la mbao ambalo maji yake yamepungua kiasi kwamba mtoto lazima aingie mzimamzima na kata yake ili kuchota yaliyobaki. Nafikiri badiliko hili ni bora kuliko asili, kwa sababu kiu ni sababu nzito kuliko tamaa ya tunda, ingawa najua nasema hivyo nikiwa mtu wa kisiwani.

Sikumlaumu bibi. Kosa lilikuwa letu: katika makubaliano tuliyoandikiana na wazazi tulitaja saa za kazi, shule, chuo na chakula, na hatukuandika hata neno moja kuhusu kinyozi. Kwa picha za ufuoni kofia ilitosha, kwani kutua kisiwani ni siku ya pili yake katika hadithi na hapana aliyesema mtoto hakulala na kofia. Uamuzi kuhusu tangi tuliuahirisha hadi jioni.

Kuanzia saa 3:00 tulihamia vilimani kwa tukio la mpishi mwenye mguu mmoja, John Silver, anayepanda na bendera nyeupe kuzungumza sulhu na nahodha wa merikebu ndani ya boma. Mwigizaji wetu ana mguu mmoja kweli. Stevenson mwenyewe alisema kwamba mhusika huyu alitokana na rafiki yake, mshairi William Ernest Henley, aliyekatwa mguu kwa ugonjwa, na nadhani ndiyo maana kitabuni mkongojo si pambo: juu ya sitaha mpishi huenda upesi kuliko wenye miguu miwili, lakini katika mchanga laini wa mteremko hukwama. Mwigizaji wetu hakuhitaji kufundishwa hayo. Mara ya kwanza mkongojo ulizama hadi nusu na akaanguka, na kila mtu akakimbia kumwinua, naye akatukemea kwa sababu kamera ilikuwa bado inakwenda na anguko lile lilikuwa zuri. Kitabuni, mazungumzo yakishavunjika, anaomba mtu mmoja tu ampe mkono ainuke, wote wanakataa, naye anatambaa mchangani akilaani. Tulipiga hilo mara tano. Mara ya tatu mshika maiki alifuta machozi na kusema ni upepo.

Kwenye bega lake hakuna kasuku kama wa kitabuni. Mtayarishaji hakutaka ndege wa kufungwa, na Lamu haina uhaba wa paka, kwa hiyo mpishi wetu ana paka wa kijivu mwenye shingo ndefu na dharau nyingi. Yeye ndiye adui yangu wa kila siku, kwani hukaa bega la kulia katika shoti pana na la kushoto katika shoti ya karibu, na hana mtu anayemsikiliza.

Saa 5:30 jua lilikuwa limetushinda. Tulikula wali na samaki wa kupaka, tukaswali adhuhuri, na wengine wakalala chini ya baraza hadi saa 9:00.

Mimi niliutumia muda huo kulinganisha madaftari, na hapo huwa namkumbuka Stevenson kama mfanyakazi mwenzangu. Hadithi yake ilianza na ramani aliyoichora mwaka 1881 huko Uskoti akicheza na mtoto wa mkewe. Ramani ile ilipotumwa kwa wachapishaji pamoja na mswada, ikapotea, ikambidi akisome kitabu chake upya, aorodheshe kila mahali palipotajwa kilima, ghuba au mwendo, kisha achore ramani nyingine ya kukubaliana na maneno yaliyokwisha kuandikwa. Katika makala aliyoitoa mwaka 1894 alikiri kwamba kazi hiyo ilikuwa ya taabu, akawausia watunzi wawe na kalenda ya nyota na mwezi mezani, maana mwezi ni msumbufu. Niliposoma hayo nilijisikia nimetetewa.

Msumbufu huyo ndiye aliyetupangia siku yetu. Kitabuni mtoto huingia pipani jua likiwa limetua, husikia njama yote, kisha mwanga humwangukia kutoka juu, na akitazama anaona mwezi umechomoza, na papo hapo mlinzi anapiga kelele kwamba nchi imeonekana. Mwezi unaochomoza baada kidogo ya jua kutua ni mwezi uliopevuka au uliopita mpevu kwa siku moja. Mwezi wa namna hiyo huleta bamvua, na kesho yake mabaharia wanatua kisiwani. Kwa hiyo tulipiga ya kesho asubuhi na ya leo usiku, lakini maji ya ufuoni na mwezi wa sitahani ni vya hesabu moja. Hakuna mtazamaji atakayeligundua hilo, isipokuwa labda nahodha wetu, na kwangu huyo anatosha.

Saa 10:00 jioni tulikuwa jahazini, maji yakijaa, omo, yaani mbele ya chombo, imeelekezwa upande wa mikoko ya kisiwa cha Manda ili taa za Shela zisionekane. Tulijadili nywele kwa saa nzima. Fundi wa vipodozi alipendekeza nywele za bandia, akaleta alizokuwa nazo, na mtoto alipozivaa mabaharia wote walicheka hata tukaziweka kando. Mwongozaji alikuwa anaitaka sana picha ya uso mzima ukimulikwa na mwezi. Nikamkumbusha filamu ya Disney ya mwaka 1950, ambayo mtoto wake alikutwa hana kibali cha kufanya kazi Uingereza, na wapigapicha wakalazimika kuharakisha picha zake zote za karibu kabla hajaondoka. Wao walibakiwa na uso wakakosa muda. Sisi tulikuwa na muda, na wa uso tulikuwa na jicho moja tu la kutumia.

Ndivyo tulivyoamua: jicho likichungulia katika mwanya wa mbao, na mkono ulioshika kata. Mpigapicha aliongeza wazo kwamba mwezi usiangukie uso, bali maji yaliyomo ndani ya kata, ili mtoto ajue umechomoza kwa kuona mwanga ukitetemeka mkononi mwake.

Tuliswali magharibi sitahani. Mwezi ulitoka nyuma ya mikoko saa 1:15 usiku, mwekundu kwanza, kisha mweupe kadiri ulivyopanda. Jahazi liliyumba, na mwezi ukatoka ndani ya kata. Tukajaribu tena, ukapita ukingoni ukapotea. Mara ya nne ulikaa, lakini boti ya mashine ikapita na kutuharibia sauti, na mara ya sita ikaingia adhana ya isha. Mara ya saba fundi wa taa, bila kumwuliza mtu, alifunga taa ndogo kwenye foromali, mti unaoshika tanga, akaielekeza chini, na ndani ya dakika mbili tulikuwa na picha. Ni nzuri sana. Nimeandika daftarini kwamba mwezi wa shoti hiyo ni taa, kwa sababu mhariri ana haki ya kujua.

Mtoto alikabidhiwa kwa bibi yake saa 2:20, amelala nusu, na bibi akaahidi kwamba wembe hautamgusa mpaka tumalize.

Saa 4:00 usiku nilikuwa nyumbani nikikamilisha ripoti: vijiti kumi na kimoja, kofia imevaliwa, kata mkono wa kulia, jeraha la mpishi kipaji cha kushoto. Kesho maji yatajaa karibu saa 11:20, jambo ambalo lilinipa dakika 45 zaidi za kulala. Nilikuwa nimekwisha kuzima taa simu ilipolia. Alikuwa mwongozaji, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetazama picha za asubuhi.

"Samahani, Mwalimu. Mpishi alipokuwa anatambaa mchangani, paka alikuwa bega gani?"

"Paka alikuwa ameondoka," nilimjibu. "Tazama nyuma ya nahodha, amekaa juu ya boma."