Ufunguo wa Mtungi

Jana binti yangu alichukua funguo zangu mezani, akazipanga sakafuni na kuzihesabu: wa mlango, wa geti, wa kabati la dawa, wa pikipiki. Wa tano ukamshinda. Hauna meno. Ni kipande cha chuma bapa, urefu wa kidole cha kati, chenye tundu upande mmoja.

"Baba, huu unafungua nini?"

"Mtungi wa oksijeni."

"Mtungi wenyewe uko wapi?"

Mtungi sina. Niliacha ambulansi miaka minne iliyopita. Siku hizi niko klinikini, kazi yangu ni kupima presha za wajawazito na kujaza madaftari, na bado natembea na ufunguo huo mfukoni. Nilimwambia nitamweleza akikua. Ana miaka sita. Mtoto wa usiku ule, kwa hesabu ya bibi yake, alikuwa na mitano. Ndiyo maana maneno yalinikwama.

Ilikuwa mwezi wa nane, 2017, mvua za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, zimepamba moto. Mwezi huohuo ndipo idadi ya wakimbizi wa Sudan Kusini waliopokelewa Uganda ilifika milioni 1. Redioni ilitajwa kama habari kubwa. Sisi tuliijua kwa idadi ya safari za kwenda Rhino Camp, makazi ya wakimbizi, na kurudi Arua mjini, njia ya murram inayogeuka uji mvua ikinyesha, na kwa Afande aliyekuwa akilala na viatu miguuni.

Afande alikuwa Mnubi wa hapohapo Arua, alishastaafu jeshi kabla hajaanza kuendesha Land Cruiser yetu. Mimi nilikulia kambi ya polisi Jinja, kwa hiyo lugha yetu sisi wawili ilikuwa Kiswahili, chake cha jeshini na changu cha kambini. Kwa wagonjwa wa Sudan Kusini yeye ndiye alikuwa mdomo wangu, maana Kinubi na Kiarabu cha Juba vinasikilizana. Mimi niliokota maneno machache tu: maji, maumivu, damu, taratibu. Na muftaa, yaani ufunguo, kwa sababu kila asubuhi tulipokagua gari aliniuliza, "Muftaa iko?" nami namwonyesha.

Vifaa vyetu tulivichagua kwa mabishano. Kulikuwa na mashine mpya ya umeme ya kunyonya makohozi, nzuri ajabu, lakini betri yake haikuwahi kumaliza usiku mzima. Nikang'ang'ania ile ya kukanyaga kwa mguu ibaki garini, hata kama ilichukua nafasi ya mkoba mzima. Kwenye oksijeni, mashine ya kuchuja hewa inataka umeme usiokatika, hiyo tuliiacha mapema. Mtungi mkubwa una gurudumu la kufungulia kwa mkono, ila ni mzito mno. Mkanda ukikatika kwenye shimo unakuwa nyundo ndani ya gari. Tukabaki na midogo, saizi E. Ukijaa unabeba lita kama 680, yaani ukitoa lita 10 kwa dakika una saa moja na kidogo, na saa moja na kidogo ilitosha kutufikisha Arua barabara ikiwa kavu. Mtungi huo hauna gurudumu. Shingoni una kijiti cha chuma kilichokaza, kidole hakikizungushi. Kinazungushwa kwa ufunguo.

Jioni ile, kabla ya simu, nilibadilisha mtungi. Ule wa zamani ulikuwa unaishia. Nikafunga mpya, nikaufungua, mshale wa geji ukapanda mpaka mwisho, nikaufunga tena vizuri. Nikaandika kitabuni: umejaa. Kisha nikaupeleka mtungi wa zamani stoo, na ufunguo ukiwa umefungwa kwa kamba shingoni mwake, mahali ulipokaa siku zote. Afande hakuuliza swali lake. Alikuwa msikitini.

Simu ikaja saa tatu usiku. Tulimkuta msichana mdogo kwenye kituo cha afya, malaria imempanda kichwani. Sista wa zamu alikuwa amefanya yote aliyoweza: sindano ya artesunate, maji ya sukari kwenye mshipa, diazepam moja kwa ajili ya degedege. Oksimita kidoleni, kipimo cha oksijeni kwenye damu, ilisoma asilimia 94. Anapumua mwenyewe, moto kama jiko. Mama yake hakuwepo, alibaki ng'ambo ya mpaka. Aliyepanda naye alikuwa bibi, na kifurushi cha kitenge mapajani.

Dakika arobaini za kwanza hazina la kusimuliwa. Kisha degedege ikarudi. Nikampa dozi ya pili ya diazepam, mwili ukalegea, akatapika. Nilimgeuza ubavu, nikakanyaga ile pampu ya mguu, mdomo ukasafishika. Na pumzi zikaanza kuachana. Moja. Kimya. Kimya. Moja. Oksimita ikasoma 81.

"Afande, simamisha."

Akasimamisha katikati ya barabara, taa zikiwaka. Nilinyosha mkono kwenye mtungi, na mkono ukajua kabla ya kichwa. Kamba haipo. Niliipapasa shingo ya mtungi pande zote, nikatazama sakafuni, chini ya machela, mfukoni mwangu, mfuko wa pili. Niliuona ufunguo kwa macho ya moyo wazi kabisa, unaning'inia gizani stoo, kilomita kama 30 mbele yetu.

Nikachukua ambu, mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa kuufinya, nikamfunika mtoto pua na mdomo, nikaanza kumsukumia hewa. Finya, moja, mbili. Finya, moja, mbili. Kifua kilipanda, kwa hiyo njia ilikuwa wazi, lakini nilichokuwa nampa ni hewa ileile tunayovuta mimi na wewe, oksijeni asilimia 21, na mapafu yale yaliyokwisha kuvuta matapishi yalihitaji zaidi. Oksimita ilipanda 84, ikakaa 84, ikashuka 82. Lita 680 zilikuwa pembeni ya goti langu.

Kuendesha na kufinya hakukuwezekana kwenye njia ile. Barakoa iliruka usoni kwa kila shimo.

"Muftaa," nikamwambia Afande. Neno moja tu. Hakuniuliza iko wapi.

Alizunguka nyuma na boksi lake la zana, akatoa spana malaya, ile inayopanuka na kubana, akaipima kwa jicho kwenye kile kijiti. Ingeshika. Akainama kuiweka. Taa ya dari ikaipiga, nikaiona inang'aa, na haikuwa inang'aa kwa upya. Ilikuwa grisi. Mchana aliitumia kukaza kitovu cha gurudumu la mbele.

"Usiguse!"

Nilipiga kelele mpaka bibi akashtuka. Nilifundishwa jambo hili siku ya kwanza kabisa ya mafunzo, na sikuwahi kulihitaji mpaka hapo: mafuta na oksijeni yenye mgandamizo havihitaji kiberiti. Valvu inafunguka, gesi inatoka kwa nguvu, joto linazaliwa hapohapo, na grisi inashika moto. Ndani ya gari lililofungwa, mtoto yuko umbali wa mkono. Kwa sekunde moja, na hii nawaambia kwa mara ya kwanza, nilifikiria kumwacha aiweke. Nilifikiria, huenda isishike moto. Halafu nikatazama chupa ya spiriti, labda tuipanguse nayo, nikakumbuka spiriti nayo inawaka.

"Grisi," nikasema. "Lazima itoke yote."

Afande akasema kitu kwa Kinubi, si kwangu. Bibi akaweka kifurushi sakafuni, akafungua fundo la kitenge. Ndani mlikuwa na gauni dogo, kikombe cha bati, na nusu ya mche wa sabuni ya kufulia, ya mgao, imefungwa kwa karatasi. Alikuwa ameibeba ili akafulie nguo za mjukuu hospitalini. Akamkabidhi.

Naikumbuka sauti. Mvua juu ya bati la gari, na chini yake Afande amepiga magoti kwenye tope, galani la maji limeinamishwa, anasugua ile spana kama anayeosha maiti, kwa upole na bila kuruka mahali. Meno ya spana, skrubu yake, mpini. Anasuuza, ananusa, anarudia. Anaosha mikono mpaka viwikoni. Nataka kumwambia fanya haraka na nataka kumwambia usifanye haraka, na mdomo wangu unahesabu tu: finya, moja, mbili. Bibi ameshika simu inayomulika, mkono wake hautetemeki. 82. 80. 79. Afande akavua fulana yake ya ndani, sehemu ya mgongoni iliyokuwa bado kavu, akaikausha spana, akainyanyua kwenye taa tuitazame wote wawili.

"Iko safi?"

"Iko safi."

Akafungua polepole, kama nilivyomwomba. Kijiti kililia mara moja, kisha nikasikia ule mfoko. Mshale ukapanda. Nikachomeka mpira kwenye ambu, mfuko wa akiba ukavimba, nikafinya. 79. 79. 83. 88. 93. Ilipofika 96 Afande alikuwa ameshaketi nyuma ya usukani, na spana nimeibana chini ya paja langu.

Tulifika. Tulimkabidhi. Alikuwa ameanza kupumua mwenyewe tulipoingia mjini.

Saa ya gari inasema tulisimama dakika kumi na moja.

Wiki ile nilifunga ufunguo kwa mnyororo kwenye kila regileta, kifaa cha kupunguza mgandamizo kinachokaa juu ya mtungi, nikanunua wa kwangu, huu alioushika binti yangu jana. Kwenye orodha ya ukaguzi wa asubuhi nikaandika kwa mkono, chini ya mstari wa mwisho: ufunguo, ushike. Si utazame. Ushike. Na mche wa sabuni ukaingia kwenye boksi la Afande. Waliokuja baada yangu nilisikia waliuliza sabuni ni ya nini, wakaitoa. Natamani wangeniuliza kwanza.

Mwezi wa kumi tulikwenda Rhino Camp kumchukua mgonjwa mwingine, na bibi akatukuta nje ya kituo. Alikuwa na mtoto. Mtoto anatembea, ana gauni lilelile, na mkono wake wa kulia umekunjwa kifuani, vidole havifunguki. Maneno aliyokuwa nayo kabla ya ugonjwa, bibi alisema, hayajarudi yote.

Nilimuuliza daktari mmoja baadaye. Akasema malaria ya kichwani huacha alama hizo hata kwa mtoto aliyepata kila kitu kwa wakati, na hakuna anayeweza kutenganisha kazi ya malaria na kazi ya dakika kumi na moja. Alinieleza hivyo ili nipumzike, najua. Nimeyageuza maneno yake miaka yote hii na yanaingia pande zote mbili.

Pale nje ya kituo nilikuwa nimebeba mche mzima wa sabuni, mpya, niliokaa nao garini nikingoja siku ya kumkuta. Nikampa. Kisha nikamgeukia Afande.

"Mwambie ufunguo niliusahau mimi. Mtungi ulikuwa umejaa. Mwambie tulisimama kwa sababu yangu."

Afande alinitazama kwa muda. Kisha akaanza kuzungumza na bibi, na alizungumza sana, sauti ya chini, mkono mmoja umewekwa begani kwa mtoto. Nilitega sikio langu lote. Nililisikia neno sabuni, maana kwao ni kama kwetu. Nililisikia neno maji. Muftaa sikulisikia.

Bibi alinishika mikono yote miwili, akasema jambo refu, akalia kidogo, akacheka kidogo.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Anashukuru."

"Ulimwambia, Afande?"

"Nimemwambia," akasema, akaenda kuwasha gari.