Kumbukumbu ya bao langu: nyumba zilizotazamana

Mara ya mwisho nilipoandika, ubao wangu wa bao ulikuwa na mistari ya penseli tu. Sasa una mashimo yote 32, na kazi yake ni kuanikia pilipili. Mama ameshauchukua.

Kuchonga kwenyewe kulikwenda vizuri. Kipande cha mvule nilikipata kwenye mabaki ya fundi seremala hapa Kirumba, Mwanza, kirefu cha kutosha mashimo 8 kwa mstari. Mvule mgumu, lakini patasi ikiwa kali unakubali. Kila shimo nilianza na keekee, nikachimba kwa patasi, kisha nikaviringisha msasa kwenye balbu iliyoungua na kusugua mpaka shimo likawa laini kama ndani ya kibuyu. (Balbu ya kwanza ilinipasukia mkononi. Viringisha kitambaa kwanza.) Shimo moja lilinila kama dakika 40.

Kosa lilikuwa kwenye nyumba. Kwa asiyecheza bao la Kiswahili: kila mchezaji ana mistari miwili, na kwenye mstari wake wa mbele kuna shimo moja la mraba, ndiyo nyumba. Zangu nilizichonga zikitazamana kama milango ya maduka. Zikapendeza kweli. Jumamosi nikaubeba ubao hadi kijiweni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu lete."

Akapitisha kidole gumba shimo kwa shimo, anaguna kwa kuridhika, mpaka alipofika katikati.

"Hapa ulikaa upande gani ukichonga?"

"Upande huu huu tu, babu."

"Basi umejichongea wewe. Mwenzako umemsahau."

Nyumba ni shimo la nne kutoka mkono wa kulia wa mwenye nayo. Tukikaa tumeelekeana, kulia kwangu ni kushoto kwako, kwa hiyo nyumba mbili zinapishana kwa shimo moja, hazitazamani hata siku moja. Nacheza bao tangu darasa la tano na sikuwahi kuliona hilo! Na mraba ukishachongwa haurudi kuwa duara. Ubao wa pili nimeuanza, nipo shimo la 11, na safari hii kabla ya kushika patasi nilizunguka nikakaa pande zote mbili.

Kete nazo zina kisa. Huku ziwani wengi tunatumia kokoto, ila nilitaka komwe, zile mbegu za kijivu za pwani, kwa sababu haziparuzi mbao na mlio wake zikidondoka ni mtamu. Binamu alinitumia kwa basi kutoka Tanga. Nilihitaji 64, nikahesabu 61, nikarudia kuhesabu, 61. Nimejazia maharage matatu.

Kusoma: bado nipo na Aniceti Kitereza, mwandishi mwenyeji wetu wa kisiwa cha Ukerewe. Kisa cha Myombekere na Bugonoka alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa 1980. Yeye akafariki 1981. Nilisoma sehemu kubwa kwenye meli ya kwenda Nansio, huko huko Ukerewe, na kurudi, na nakiri kuna kurasa nilizoruka. Lakini Kitereza akianza kueleza namna kitu kinavyofanyika, iwe pombe au uvuvi, haachi hatua hata moja. Nilivyo sasa na ubao wangu, hizo ndizo kurasa ninazozirudia.

Gemu za simu nimezifuta zote. Betri inadumu.

Muziki wa kuchongea ni ngoma za bugobogobo za Wasukuma. Tangu nilipowaona wachezaji wake Bujora, kule Kisesa, wakirusha majembe hewani na kuyadaka bila kukosa pigo, nikisikia ngoma hizo nyundo yangu inafuata yenyewe. Tatizo ni pale ngoma inapoongeza kasi. Shimo la 9 lina kina kuliko wenzake.

Babu hakuniachia niondoke na ubao bila kuujaribu. Alitia alama ya chaki kwenye shimo la duara upande wake, akasema hiyo ndiyo nyumba yake kwa leo, tukapanga kete, maharage yakabaki kwangu. Kila mmoja huanza na kete 22 za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Mimi nilikuwa bado nimeshika 9, maharage mawili yakiwemo, mstari wangu wa mbele ulipokauka. Kufungwa ukiwa bado umeshika kete wanaita mkononi. Kijiwe kizima kilishangilia.