Sekunde 300 mbele ya kisanduku

Kwa miaka mingi ustadi wa daktari wa upasuaji ulipimwa kwa jicho la mkuu wake: akisema fulani ana mkono mzuri, basi imepita. Katika upasuaji wa matundu madogo, ambapo daktari hutazama skrini huku ncha za vyombo vyake zikienda kinyume cha mkono, jicho hilo halitoshi.

Mara ya kwanza nilipokaa mbele ya kisanduku cha mazoezi, ambamo vyombo huingizwa kwa matundu na kamera huonyesha yaliyo ndani, nilipewa zoezi lililotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Vipande sita hunyanyuliwa kimoja kimoja kwa mkono mmoja, hupokelewa hewani na mwingine, huvishwa kwenye vijiti vya upande wa pili, kisha vyote hurudishwa. Alama ni sekunde 300, ukitoa muda uliotumia na adhabu ya makosa. Kipande changu cha tatu kiliviringika nje ya upeo wa kamera, nami nikabaki nikipapasa kama anayetafuta sindano gizani.

Hata hivyo, saa peke yake hudanganya, kwa kuwa mtu aweza kuwa mwepesi na mharibifu kwa pamoja. Ndiyo maana napendelea kifaa cha Imperial College, London, ambacho hufuatilia mikono kwa vihisi vya sumaku-umeme na kuhesabu mijongeo pamoja na urefu wa njia iliyopitwa. Mzoefu hufika kwa mijongeo michache. Na mazoezi nje ya chumba cha upasuaji huzaa matunda: katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wa mwaka 2002, madaktari waliofunzwa kwanza kwa upasuaji wa kuigiza kwenye kompyuta walitenganisha kifuko cha nyongo na ini kwa kasi zaidi kwa asilimia 29 kuliko wenzao wasiofunzwa hivyo, na makosa yao yalikuwa machache.