Albamu Aliyoiulizia Shemeji

Nimejitahidi kulisahau swali la shemeji, lakini limekataa kusahaulika. Nayaandika maneno yake kama alivyoyatamka, kwa kuwa nimeyarudia mno kichwani hata nina hakika sijaongeza wala sijapunguza: "Shemeji, mtu akiwa mpigaji fidla wa kweli, kwa umri huu si angekuwa ameshatoa albamu?" Nami nikamjibu, "Kunywa chai, shemeji, isije ikapoa."

Hii ndiyo wiki ambayo binti yangu mkubwa amepata leseni ya udereva, hapa Halifax, Kanada, theluji ya kwanza imeanguka, na maabara yetu imetangaziwa kwamba itaunganishwa na nyingine, jambo ambalo huenda likanihamisha zamu au likanihamisha kabisa. Mtu mwenye akili timamu angeyawaza hayo. Mimi nimekesha nikitunga majibu ambayo ningempa shemeji badala ya kumhimiza anywe chai.

Jibu lililonijia kwanza, na ambalo nililipenda kwa siku kadhaa, lilikuwa jina la mpigaji fidla mmoja: Buddy MacMaster. Wasomaji wangu wa zamani mmenivumilia sana juu ya mzee huyu, kwa hiyo sitayarudia yote. Alizaliwa mwaka 1924 huko Timmins, mji wa migodi ndani ya Ontario, lakini wazazi wake walikuwa watu wa Cape Breton, kisiwa cha mkoa wetu huu wa Nova Scotia, na walimrudisha kwao angali mdogo, akakulia Judique, miongoni mwa wajukuu wa Waskoti wa nyanda za juu ambao waliivuka bahari na lugha yao ya Kigaeli, na baadhi yao walikuwa wamefukuzwa mashambani na wenye ardhi. Mama yake alikuwa akiimba midundo ya dansi kwa kinywa tu, bila ala yoyote, na baba yake alipiga fidla. Kijana akaingia kazini katika shirika la reli, akawa mtumishi wa stesheni, na akabaki katika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Mchana au usiku, kwa kadiri ya zamu, alishughulikia treni. Muda uliobaki alikwenda kuwapigia watu wacheze katika kumbi za vijijini kama Glencoe Mills, mahali ambapo msafiri asiyejua angedhani hapakai mtu. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1989, akiwa amekwisha kustaafu na kuvuka miaka 60. Mwaka 2000 akatunukiwa Nishani ya Kanada.

Haya, shemeji, huyo naye hakuwa mpigaji wa kweli? Kabla ya 1989 alikuwa nani, karani wa reli mwenye mazoea ya jioni?

Nilijisomea jibu hilo mbele ya kioo, na kwa muda lilinistarehesha. Hata nilimpigia mume wangu mfano wa binti wa ndugu yake mzee huyo, Natalie MacMaster, ambaye ameishi kwa fidla tangu ujanani na ametembea nayo majukwaa ya nchi nyingi. Nikasema kwamba binti ana kazi ya muziki na mzee alikuwa na maisha ya muziki, na kwamba hakuna aliyemzidi mwenzake. Mume wangu akasema ni kweli, kisha akauliza kama gari limewekewa matairi ya baridi.

Lakini usiku wa juzi, mashine zikiwa zinazunguka na hakuna sampuli mpya, jibu langu lilianza kunitoka mkononi. Mzee Buddy hakuwa na albamu, ila hakukosa kitu kingine chochote ambacho mpigaji anakihitaji. Alikuwa na sakafu ya mbao iliyojaa wachezaji, alikuwa na mpiga piano aliyejua atakakogeukia kabla hajageuka, na alikuwa na wazee waliokaa ukutani ambao wangemtambua aliyekosea noti moja katikati ya rili, muziki wa dansi ya kasi. Mpigaji wa huko huunganisha jigi, muziki mwingine wa dansi, na jigi nyingine bila kusimama, kisigino kikigonga sakafu, na upinde ukikata noti moja kuwa tatu za haraka kwa namna inayokumbusha zumari za mifuko za Waskoti. Na hawezi kuacha, kwa kuwa akiacha, watu wote ukumbini wamebaki mguu mmoja juu. Mwaka 1971 televisheni ya taifa ilipotoa filamu iliyodai kwamba wapigaji wa Cape Breton wanatoweka, watu walikasirika kiasi kwamba mwaka 1973 zaidi ya wapigaji 100 walikusanyika Glendale kupiga pamoja. Mimi nikitoweka, nani atakasirika? Unguja nilikaa katika safu ya fidla nyuma ya mwimbaji, tukimwitikia kila ubeti, na kiti changu kikiwa wazi kiongozi alijua kabla ya kuketi. Hapa napiga chumbani, mlango ukiwa umefungwa, ili jirani asigonge ukuta.

Basi nikalirudia swali tena, safari hii nikimtazama muulizaji. Shemeji aliuliza akiwa ameishika fidla yenyewe. Ni yeye aliyeibeba kutoka Unguja hadi hapa, ameipakata mapajani ndege nzima kwa sababu hakutaka iwekwe juu na mabegi. Niliwahi kuandika habari hiyo na wengi wenu mlicheka. Kisha akaenda zake Toronto, na tangu hapo hajawahi kunisikia nikiipiga. Watu wa Cape Breton waliohamia Boston na Detroit kutafuta kazi hawakungoja 1989. Jamaa zao walirekodi dansi na karamu za nyumbani kwa kanda, na kanda hizo zikasafiri mkono kwa mkono, kelele za vikombe na viatu zikiwa ndani yake. Aliyekuwa mbali alihitaji kusikia tu. Yawezekana shemeji, kwa ulimi wake usiojua kuomba, alikuwa anaulizia kanda.

Au yawezekana alinidharau tu. Namfahamu, na hilo pia analiweza. Bado angeweza kusema, "Shemeji, nipigie kidogo," akayaacha mambo ya umri. Hata hivyo Jumapili, jirani akiwa kanisani, nitaweka simu juu ya kabati na kurekodi bashrafu moja, muziki wa taarabu usio na maneno, na baada yake ile jigi ya Judique ambayo nimekuwa nikihangaika nayo mkono wa kulia, na nitamtumia zote mbili bila maelezo. Sikusudii kusafisha makosa.

Jambo lingine ni Mama. Jana nilipomuuliza kwa simu kama dawa za presha bado anazo, alisema zipo, lakini hakusema ni ngapi, na nilipotaka anihesabie akaanza kunieleza bei ya karafuu.