Mwewe Juu ya Chequers

Jumamosi asubuhi tulipanda treni Marylebone, London, na hata saa moja haikuisha tukashuka Princes Risborough. Shemeji yangu, mkazi wa Uingereza wa siku nyingi, alikuwa ameniahidi mambo mawili: kutembea kwa miguu hadi Wendover kupitia vilima vya Chiltern, na kumwona mwewe.

Mwewe mimi namjua kama mwizi wa vifaranga. Utotoni tulimfukuza kwa makelele na mawe. Wa huku ana rangi ya kutu na mkia wenye panda. Tulikuwa hatujamaliza mlima wa kwanza, viatu vimeshakuwa vyeupe kwa vumbi la chaki, shemeji aliponishika bega: "Shemeji, tazama juu." Alipita chini sana. Mbawa zimetulia kabisa, mkia peke yake ndio unaopinda huku na huku kama usukani wa jahazi. Nikasahau kupiga picha.

Kufikia mwisho wa karne ya 19 ndege hawa walikuwa wameshamalizwa England kwa bunduki na sumu. Jozi chache tu zilisalimika Wales. Mwaka 1989 wakaanza kuletwa makinda kutoka Hispania na kuachiwa hapa Chiltern, na hadi 1994 wakafika 90 hivi. Leo ukisimama dakika kumi bila kumwona mmoja, ujue macho yako yako chini. Kazi ilianza Margaret Thatcher wa chama cha Conservative akiwa madarakani, ikaendelea chini ya John Major wa chama hicho hicho, na wapinzani wao wa Labour walipoingia mwewe wakaachiwa hata kaskazini, karibu na Gateshead. Serikali zilibadilika, watu wakatukanana bungeni, lakini ndege hawakuguswa. Jambo hilo lilinigusa kuliko uzuri wao.

Si kila mnyama aliyepata bahati hiyo. Yuko mmoja wa jamaa ya nyegere, huku wanamwita badger, uso wake una michirizi myeusi na myeupe, naye tangu 2013 amekuwa akipigwa risasi kwa idhini ya serikali, kwa kuhofiwa kueneza kifua kikuu cha ng'ombe. Mfugaji anayepoteza ng'ombe ana uchungu wake, siudharau. Ila suala lenyewe limekuwa la vyama, na mnyama anasubiri nani atashinda uchaguzi.

Baada ya msitu, njia ikatutoa mahali ambapo sikuamini tunaruhusiwa kupita: inakata katikati ya barabara ya kuingilia Chequers, nyumba ya mapumziko ya mawaziri wakuu tangu 1921. Arthur Lee aliitoa kwa taifa ili viongozi, hata wasio na mali, wapate hewa ya vilima. Kamera zipo, mabango ya onyo yapo, lakini mpita njia anapita.

Hapo ndipo shemeji alipoanza habari za Mei 2009, gazeti la Daily Telegraph lilipomwaga hadharani madai ya gharama ya wabunge. Anasema kwenye treni kila mtu alikuwa amelishika. Maarufu kuliko yote likawa dai la Peter Viggers wa Conservative: pauni 1,645 za kibanda cha bata kinachoelea bwawani. Fedha hizo hata hakulipwa. David Chaytor wa Labour alifungwa miezi 18 mwaka 2011 kwa madai ya uongo, lakini ukimuuliza mtu njiani atakutajia bata. Nadhani ni kwa sababu kibanda unakiona akilini, ilhali hati bandia ya pango la nyumba huioni. Spika Michael Martin naye akang'oka, wa kwanza kulazimishwa kuondoka tangu 1695.

Mimi ninayemheshimu katika kisa hiki ni mwandishi Heather Brooke. Aliomba risiti kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari, Bunge likapambana naye hadi Mahakama Kuu, na mwaka 2008 akashinda. Sasa kuna mamlaka huru inayokagua madai ya wabunge na kuyachapisha mtandaoni, na hata hiyo imeshapita mikononi mwa serikali za vyama vyote viwili. Nilimwambia shemeji kwamba ningelipa kodi kwa moyo mweupe mahali ambapo naweza kusoma risiti ya mbunge wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wengi hawazisomi, shemeji." Nikamjibu kwamba inatosha mbunge akijua zinaweza kusomwa.

Kutoka Coombe Hill, nyumba ile inaonekana ndogo katikati ya miti, matofali mekundu. Juu yake mwewe watatu walikuwa wakizunguka polepole, wakikagua malisho. Tukawatazama hadi upepo ukatushinda, ndipo tukateremka Wendover kutafuta treni ya kurudi.